Tukipunguza Unene, Je, Dominika Tule Bila Kipimo?

Baba mwenye nyumba ametoka kwa daktari na karatasi mkononi. Shinikizo la damu yake ni kubwa, sukari imeanza kupanda, na mizani imesema kilo 98, naye kimo chake ni mita 1 na sentimita 70. Daktari hakumpa maneno mengi: apunguze chakula, aache bia, atembee kwa miguu. Siku ya kwanza mambo yaenda vema, ya pili pia. Kufika Ijumaa amwambia mkewe: «Mama watoto, nimevumilia juma zima. Dominika nipe ruhusa yangu, nile kama zamani. Jumatatu nitairudia amri ya daktari.» Mke afanye nini? Amkatalie, au ampikie?

Swali hili lasikika leo katika nyumba nyingi za miji yetu, tangu Lubumbashi na Likasi hata Bukavu na Kisangani. Huko Ulaya na Marekani watu wameipa siku hiyo jina la ajabu: siku ya kudanganya. Jina hilo halitupendezi, maana hatuoni ni nani adanganywaye. Daktari hayupo mezani, na mizani haina masikio ya kusikiliza udhuru. Sisi tutaiita siku ya ruhusa, kisha tutazame kwa utulivu kama yasaidia au yaharibu.

Kabla ya kuendelea, yafaa tujue ni nani asemwaye hapa. Katika nchi yetu ya Kongo mamilioni ya watu hawapati chakula cha kutosha, na mtu asiye na hakika ya sahani ya jioni hana haja ya makala haya. Wala hatusemi na mama mwenye mimba, wala na mama anyonyeshaye, wala na mtoto akuaye. Tena wako wasichana wa shule wenye mwili mzuri kabisa, ambao wajinyima chakula ili wafanane na picha waonazo katika simu. Hao twawaomba wale chakula chao kwa amani. Twasema na mtu mzima ambaye uzito wake umegeuka mzigo. Shirika la Afya Duniani lagawanya kilo za mtu kwa kimo chake kilichozidishwa kwa chenyewe, na jibu likifika 30 lahesabu unene huo kuwa ugonjwa. Baba yetu wa kilo 98 apata karibu 34.

Sasa tuitazame hiyo Dominika yenyewe. Wazee wa Katanga wakumbuka kwamba Jumamosi iliitwa, na hata leo yaitwa na wengi, siku ya posho. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kutwaliwa na serikali mwaka 1967, iliwapa wafanyakazi wake posho ya chakula: unga, nyama, samaki, mafuta, chumvi. Basi mwisho wa juma ulikuwa wakati wa chungu kujaa. Kampuni ile haipo tena, lakini mazoea hayakuzikwa nayo. Ikifika Jumamosi jioni moshi wa michopo wapanda kila pembe ya mtaa, chupa zafunguliwa, na Dominika baada ya Misa kuna ubatizo kwa jirani, au arusi, au wageni kutoka kijijini. Hapo ndipo mtu apunguzaye unene huomba ruhusa yake.

Tufanye hesabu kama watoto wa darasa la sita. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Tuseme mwili wa baba huyu watumia kalori 2,400 kwa siku, naye amejizoeza kula 1,900 tu. Kila siku apunguza 500, na kwa siku sita apata akiba ya 3,000. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori karibu 7,700. Kama angeshika mwendo huo siku zote bila kuvunja, angepunguza kilo moja kwa siku 15 au 16.

Lakini Dominika imefika. Asubuhi ala mikate mitano ya kukaanga, kalori 750 hivi. Mchana bukari la unga wa gramu 200, kalori 720, pamoja na sombe iliyotiwa mawese, na kila kijiko kikubwa cha mafuta ni kalori 120, tuandike 300. Jioni sahani ya michopo na viazi vya kukaanga, si chini ya 1,200. Na chupa tatu kubwa za bia, kila moja karibu 300. Jumla yapata 3,870, yaani 1,470 kupita haja ya mwili. Akiba ya siku sita imebaki 1,530. Nusu yake imeliwa kwa siku moja.

Hata hivyo haijaliwa yote! Wale wasemao kwamba siku moja yaharibu kazi ya juma zima wamezidisha. Shida ni kwamba siku ya ruhusa ina mikono mirefu. Yaanza kuinyoshea Jumamosi mkono, maana mtu ajiambia: «Kesho si ni siku yangu? Basi usiku huu nijitayarishe.» Chupa nne za Jumamosi ni kalori 1,200 nyingine, na akiba ya juma imebaki 330. Kwa mwendo huo kilo moja yahitaji majuma zaidi ya 23. Baba atateseka siku tano kila juma, tena kwa unyofu kabisa, na baada ya miezi mitano ataona mizani haikusogea ila kidogo. Ndipo atasema kwamba mwili wake una ukaidi, au kwamba daktari hajui kazi.

Wako wenye elimu waitetea siku ya ruhusa, nasi hatuna budi kuwasikiliza. Wasema hivi: mtu akila kidogo kwa muda mrefu, mwili wake waogopa njaa na kuanza kubana matumizi. Neno hilo ni kweli. Mwaka 1994 huko New York, Jeffrey Friedman na wenzake walivumbua kitu kinachotoka katika mafuta ya mwili na kwenda kuuambia ubongo kwamba ghala imejaa; kitu hicho chaitwa leptini. Mtu akijinyima, leptini yashuka, njaa yazidi, na mwili wapunguza joto na mwendo wake. Kwa hiyo watetezi wasema: tumpe siku moja ya kula sana, leptini ipande, mwili utulie. Ni hoja nzuri katika karatasi. Lakini leptini iliyopandishwa kwa shibe ya siku moja hushuka tena mara mtu arudipo kujinyima, wala haidumu kiasi cha kulipa gharama ya karamu.

Jambo lililo karibu zaidi na kweli lilionekana huko Australia. Wataalamu waliwachukua wanaume 51 wenye unene mkubwa, wakawagawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilipunguza chakula majuma 16 mfululizo. Kundi la pili lilipunguza majuma mawili, likapumzika majuma mawili, likapunguza tena, hata likatimiza majuma 16 yale yale ya kupunguza. Habari zao zilitolewa mwaka 2017: waliopumzika walipungua kilo 14 hivi, na wasiopumzika kilo 9. Watu wengi walishangilia wakidhani ruhusa imebarikiwa na elimu. Hawakusoma vizuri. Katika majuma ya kupumzika wanaume wale hawakula walivyotaka; walipimiwa chakula cha kutosha haja ya mwili tu, bila kupungua wala kuzidi. Ilikuwa pumziko, haikuwa karamu. Tena majaribio yaliyofuata kwa watu wa namna nyingine hayakuonyesha faida kama hiyo.

Basi tumbo lina hoja zake, lakini sisi twadhani kwamba jambo hili lakaa zaidi moyoni kuliko tumboni. Mwaka 1975 Herman na Mack walifanya jaribio moja ambalo kila mama wa nyumbani angeweza kulitabiri. Waliwapa watu wengine maziwa matamu mazito, na wengine wasipewe, kisha wote wakawekewa aiskrimu wale wapendavyo. Watu wasio na desturi ya kujinyima walifanya kama tungojavyo: aliyekunywa maziwa alikula aiskrimu kidogo, kwa kuwa ameshiba. Lakini wale wajinyimao kila siku walifanya kinyume. Waliokunywa maziwa ndio waliokula aiskrimu nyingi zaidi! Kwa nini? Kwa sababu walijiambia: amri imekwisha kuvunjika, liwalo na liwe. Neno hilo «liwalo na liwe» lawanenepesha watu kuliko mawese. Aliyeonja andazi moja asubuhi ajihesabu amekwisha potea, na kwa sababu amepotea, aongeza jingine, na jingine tena, mpaka Jumatatu.

Na mtu akizidi kujibana, wimbi la kurudi lazidi ukali. Wakati wa vita, tangu mwaka 1944 hata 1945, Ancel Keys wa chuo kikuu cha Minnesota katika Marekani aliwalisha wanaume 36 waliojitolea chakula kichache sana kwa majuma 24, ili ajue namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya walioumwa na njaa. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Waliota chakula, walizungumza chakula, wengine walikusanya vitabu vya mapishi. Walipofunguliwa, baadhi yao walikula mpaka tumbo likauma, na bado wakasema wana njaa. Mtu ajinyimaye kupita kiasi toka Jumatatu hata Jumamosi ajitengenezea Minnesota ndogo nyumbani kwake, na Dominika yake itakuwa kali kama ile. Wala asimlaumu shetani. Alaumu kipimo alichojiwekea.

Huko Marekani pia kuna daftari kubwa la watu waliopunguza walau kilo 13 na nusu na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 waliulizwa kama wala namna moja juma zima, au kama wajibana siku za kazi na kulegeza mwisho wa juma. Wale wenye mwendo mmoja walikuwa na nafasi kubwa zaidi, mara moja na nusu, ya kubaki na uzito wao katika mwaka uliofuata. Kwa watu waliokwisha kushinda vita, hilo si jambo dogo.

Hapa msomaji Mkatoliki ataweza kutujibu: «Na Kwaresima je? Si Kanisa lenyewe latupa ruhusa Dominika?» Jibu lake lina maana. Tangu Jumatano ya Majivu hata Jumamosi Kuu kuna siku 46, nasi twasema ni 40, maana Dominika sita hazihesabiwi kuwa siku za mfungo. Lakini tutazame sababu. Dominika haikutolewa kuwa malipo ya njaa ya juma. Ni sikukuu kwa nafsi yake, na mtu hufurahi siku ya sikukuu hata kama hakufunga. Mtakatifu Benedikto aliyeandika Kanuni ya wamonaki wake katika karne ya 6 aliwapa kila siku ratili moja ya mkate na vyakula viwili vya kupikwa, kusudi asiyeweza kula hiki ale kile. Aliwaonea huruma, na papo hapo akawaonya wasile kupita kiasi. Huruma na kipimo vilikaa katika sahani moja. Tofauti hiyo yatufaa hata katika habari ya unene: sikukuu ina meza, ina watu, ina saa ya kuanza na saa ya kwisha. Ruhusa ya «nile bila kipimo» haina mwisho, na mara nyingi haina hata watu. Mtu ala peke yake, amesimama, mbele ya friji.

Ndiyo sababu tungemshauri yule mke asikatae, wala asimpikie mumewe siku nzima. Ampe mlo mmoja wa sikukuu. Asubuhi chai na uji kama siku zote. Mchana meza ya watu wote, na humo awekewe kile akipendacho kweli, kama ni michopo iwe michopo, na chupa moja ya bia badala ya tatu. Jioni matunda au mboga, kisha kutembea na watoto mtaani. Tukihesabu Dominika ya namna hiyo, hata ikizidi haja ya mwili kwa kalori 300, akiba ya juma yabaki 2,700, na kilo moja yapungua kwa siku 20. Amechelewa siku nne au tano tu. Bei hiyo si ghali, ikiwa yamwezesha kuendelea mwaka mzima. Na kama kuna arusi Jumamosi, basi arusi ndiyo mlo wa juma hilo, na Dominika iwe siku kama nyingine. Wala asidhani yampasa arudi kilo za ujana wake. Katika jaribio kubwa la Marekani lililotolewa mwaka 2002, watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda waliambiwa wapunguze asilimia 7 tu ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa juma. Ugonjwa wa sukari ulipungua kwao kwa asilimia 58, ukilinganishwa na wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa baba wa kilo 98, asilimia 7 si kilo saba kamili.

Wako ambao kwao hata mlo huo mmoja utazamwe kwa uangalifu. Mtu atumiaye insulini au vidonge vya kushusha sukari asile sana Dominika, kisha Jumatatu akae bila kula ili kulipa deni. Sukari yaweza kushuka ghafula, akaanguka kazini, na bia ya jana ikaongeza hatari hiyo. Mwenye moyo dhaifu naye aogope chumvi kuliko mafuta: sahani moja kubwa ya makayabu yaweza kumvimbisha miguu na kumbana pumzi. Na yule ambaye akianza kula hawezi kuacha, ala kwa siri na kwa haya, mara kwa mara, huyo si mlafi wa kuchekwa. Waganga wa siku hizi wautambua huo kuwa ugonjwa, na siku ya ruhusa ni moto juu ya majani makavu kwake. Aende kwa daktari.

Limebaki jambo la watu wa nje, nalo ni gumu kuliko hesabu. Kwetu mtu mnene alisifiwa kwamba amekula vema, na mke mnene alikuwa heshima ya mumewe. Kisha ukimwi ulipoenea katika miaka ya 1980, kukonda kukawa neno la kunong'onwa. Leo mama akipunguza kilo kumi kwa amri ya daktari, akija Misani watu wamtazama tangu kichwani hata miguuni. «Dada, mbona umekwisha hivyo? Nyumbani kuna nini?» Wengi wameacha dawa hiyo ya kupunguza kwa sababu ya maswali ya namna hiyo, si kwa sababu ya njaa. Twawasihi wasomaji: mkimwona mwenzenu amepungua, muulizeni habari zake kwa upole, au nyamazeni.

Na mgeni afanye nini mbele ya sahani ya shangazi aliyeamka alfajiri kumpikia? Kukataa ni kumvunja moyo. Lakini shangazi hahesabu vijiko. Atazama kama mkono wako umegusa chakula chake na kama uso wako umefurahi. Mtu aweza kunawa, kukata tonge dogo la bukari, kula mboga nyingi, na kusifu mkono wa mpishi kwa sauti kubwa. Akibandikiwa tena, aseme: «Shangazi, chako nimekimaliza, daktari ndiye aliyenifunga.» Tumeona kwamba jina la daktari hufungua njia pale ambapo «nataka kukonda» lingeleta kicheko. Nyumbani nako mama asipike vyungu viwili, cha baba mgonjwa na cha watoto. Sombe yenye mawese machache yawafaa wote, na mtoto aliyezoea lenga-lenga na ndakala tangu udogo hatahitaji kuomba ruhusa atakapofika miaka arobaini.

Tena kuna hila moja ya mizani ambayo imewakatisha tamaa wengi. Mtu amekula mlo wake wa sikukuu kwa kipimo, na Jumatatu asubuhi apanda mizani: amezidi kilo moja na nusu! Akata tamaa papo hapo. Lakini kilo moja na nusu ya mafuta yangehitaji kalori zaidi ya 11,000 kupita haja yake, naye hakula hata robo ya hiyo. Alichokiona ni maji. Mwili huweka wanga katika ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushika karibu gramu tatu za maji. Chumvi nayo hushika maji yake. Kufika Jumatano au Alhamisi maji hayo yamekwenda. Kwa hiyo apande mizani mara moja kwa juma, Ijumaa asubuhi kabla ya chai, aandike tarehe na kilo katika daftari ya watoto iliyobaki kurasa, na siku ya Jumatatu aipitie mizani kama apitavyo mbwa aliyelala.